Gari la Doriani na Gari la Baba

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa barabarani ndani ya suti, nimeinama nyuma ya gari la baba, nalisukuma, na ndani yake bibi harusi analia. Bibi harusi huyo ni Rentina, mdogo wake mke wangu. Gari lilikata roho katikati ya mzunguko, mbele ya watu wote wa mji wetu wa Siantar wanaonijua, na wachache ambao walikuwa hawanijui lakini sasa wananijua.

Rentina alifika kanisani kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, shela imejaa moshi. Ndoa ilifungwa. Mimi kusamehewa ndiyo bado.

Gari la baba tulilivuta kwa kamba hadi nyumbani, tukaliweka uani, tukalifunika turubai. Nikabaki sina usafiri, na nina duka la kutoa kopi upande wa pili wa mji.

Hapo ndipo alipoingia Hotbin.

Hotbin ni kaka wa mke wangu. Kwetu sisi Wabatak, kaka wa mke ni kama askofu. Ukikutana naye unainamisha kichwa. Akikupa ushauri, hata uwe wa kipumbavu, unashukuru. Na akisema ana gari anataka kukuuzia, hilo gari ni lako tayari, kilichobaki ni wewe kutoa pesa.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, dogo, otomatiki. Bei yake ilikuwa ya chini mpaka nikaona haya kuiuliza mara ya pili. Hotbin alisema alikuwa akilitumia kubebea doriani, yale matunda ya miiba yanayonuka, kutoka Sidikalang hadi Medan, kwa hiyo lina harufu kidogo.

Lina harufu kidogo kama Ziwa Toba lilivyo na maji kidogo.

Niliweka mkaa chini ya viti. Niliweka unga wa kahawa. Niliweka majani ya mpandani, yale yanayonukia, mpaka gari likafanana na kichaka. Mwisho wa yote likanuka doriani lililokunywa kahawa. Binti yangu Nauli aliomba awe anashushwa mbali na geti la shule, karibu na uwanja wa mpira, ili aingie na upepo. Nilipokwenda Medan, mlinzi wa hoteli alinizuia getini, akanionyesha kibao kinachokataza doriani. Nikamfungulia buti aone kwamba ni tupu. Akachungulia, akanusa, akanitazama kama mtu aliyekula mzigo mzima njiani. Bwana mmoja sokoni yeye alining'ang'ania nimuuzie mawili tu. Nilipomwapia kwamba sina, aliondoka akinitukana kwamba naringa.

Lakini lililoniudhi kuliko yote ni kwamba gari lilikuwa linafanya kazi. Asubuhi linawaka. Kiyoyozi kinapuliza. Mafuta halinywi. Ukiziba pua, ni gari zuri.

Nyumba ikagawanyika.

Mke wangu Lamria alitaka tubaki na jeupe, na lile la baba lipelekwe kwa wauza vyuma chakavu. Alilitaka hilo kwa ukali ambao sikuuelewa. Huyu ni mwanamke ambaye hutupa samaki akihisi tu kwamba amelala, leo anapanda gari la doriani na kusema ameshazoea.

Baba alitaka la kwake litengenezwe. Baba yangu, Mzee Sahala, ana miaka sabini na minne, ni mjane, na zamani alikuwa mzee wa kanisa. Gari lake ni la kijani, refu, lina klachi nzito na breki za kukisia. Alilinunua mwaka niliozaliwa, na sina hakika ni lipi kati ya hayo mawili lililomfurahisha zaidi. La Hotbin alilikagua mara moja tu.

"Hilo si gari," alisema. "Ni kochi lenye taa."

Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa akienda uani, anafunua turubai upande mmoja, anaingia, anakaa nyuma ya usukani na kunywa kahawa yake humo. Honi ilikuwa bado nzima. Akitaka sukari, anapiga honi.

Yeye na Lamria hawakugombana hata siku moja. Waligombana kupitia mimi. Huyu ananiambia mezani, yule ananiambia uani, na mimi nawakubalia wote wawili.

Nikaona nimwite fundi, yeye ndiye aamue. Nikamleta Liong, mwenye gereji karibu na stesheni ya treni, mtu anayetengeneza magari ya mji huu kwa mikono yake na kuyaharibu kwa mdomo wake, maana hajawahi kusifia gari la mtu. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua oili kwa vidole. Kisha akanishika mkono na kunipaka.

"Sugua," alisema. "Unasikia nini?"

"Oili."

"Sugua vizuri."

Nikasugua. Ilikuwa inakwaruza.

"Mchanga," alisema Liong. "Hili halikuzeeka, bwana. Hili limeuawa."

Sikumwamini hapo hapo. Liong ni mtu ambaye ukimpelekea baiskeli atakwambia injini imenoki. Lakini mchanga ulikuwa kwenye vidole vyangu, si vyake. Akanieleza kwamba ni lazima injini ifumuliwe yote na kusukwa upya, au anitafutie nyingine Medan, na kwa vyovyote vile gharama itazidi bei ya lile kochi lenye taa. Nikamwambia nipe nafasi nifikirie.

Sikufikiria juu ya injini. Nilifikiria juu ya mchanga. Nani hapa duniani angefaidika gari la baba likifa?

Jibu lilinijia haraka mpaka nikajiona nina akili sana. Mtu aliyekuwa na gari linalonuka, ambalo hakuna mwenye pua angelinunua.

Nilimkuta Hotbin kilabuni, mchana, mahali ambapo wanaume wa kwetu hunywa tembo na kuimba nyimbo za kuwalilia mama zao. Alikuwa na glasi mkononi na wenzake wenye magitaa. Sikuweza kumkunja shati, kwa sababu ni kaka wa mke wangu, na mtu anayemkunja shati kaka wa mke wake hatazikwa na ukoo. Nikainamisha kichwa kwanza. Nikasalimu. Nikauliza habari za watoto.

"Shemeji," nikasema, "kwa heshima zote, ulitia mchanga kwenye injini ya gari la baba?"

Magitaa yakanyamaza.

Hotbin akaweka glasi chini. "Kwa heshima zote, shemeji, umerukwa na akili?"

Nikamweleza ya Liong. Nikamweleza na hesabu yangu, kwamba anayeuza gari bovu ndiye anayehitaji mtu asiye na gari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba alikuwa na mteja wa Tebing, mfanyabiashara wa doriani, mtu ambaye harufu ile kwake ni marashi. Mteja huyo alikuwa tayari kulipa mara mbili ya nilicholipa mimi.

"Basi kwa nini uliniuzia mimi?"

"Dada yangu alikuja kunililia," alisema Hotbin. "Alikuja hapa hapa, wanaume wote hawa wakimwona. Akaniomba nimwekee Baba Nauli lile gari, tena nimpunguzie. Na hiyo ilikuwa kabla ya harusi, shemeji. Kabla. La baba yako lilikuwa bado linatembea."

Nikamtazama. Akanimiminia glasi bila kuniuliza. Mmoja wa wale wenye magitaa, mshenzi mmoja ambaye jina lake nitalitaja siku nyingine, akaanza kupiga wimbo wa msiba.

Nyumbani nilimkuta Lamria jikoni anapara samaki. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno ya mume aliyesalitiwa, mazito. Hakunipa nafasi. Aliuliza tu, bila kugeuka, Liong amesema nini.

"Amesema kuna mchanga kwenye injini."

Akaendelea kupara. Magamba yakawa yanarukia ukutani.

"Amesema ni mwingi?" akauliza.

Nikavuta kiti, nikakaa.

Alinieleza yote huku samaki akiwa mkononi, na hakuomba msamaha hata kidogo. Mchanga aliuchota kwenye ujenzi wa jirani, akaukausha juani, akaumimina kwenye tundu la oili. Alidhani gari litafia uani, siku hiyo hiyo, kimyakimya. Hakujua kwamba lina roho ya paka. Liliendelea kutembea, likaendelea, mpaka likachagua siku ya harusi ya mdogo wake. Rentina alipokuwa akilia ndani ya gari, Lamria alikuwa amekaa pembeni yake, anamfuta machozi, na anajua kabisa nani muuaji.

"Lakini kwa nini?" nikamuuliza. "Gari la watu?"

Hapo ndipo akaweka kisu.

Alisema kwamba wakati mmoja kabla ya Pasaka alimwomba baba ampeleke sokoni. Wakaenda vizuri tu. Walipofika njia panda ya hospitali, baba akasimama. Lamria akasubiri. Nyuma yao wakaanza kupiga honi. Baba ametulia, mikono kwenye usukani, anatazama mbele.

"Pale hakuna taa za barabarani, Baba Nauli," alisema Lamria. "Unapajua pale. Kuna duka la dawa tu, lina bango jekundu. Alikuwa anasubiri bango la duka la dawa ligeuke kijani."

Nikasogeza kiti karibu naye.

"Akaniambia, mama, taa za siku hizi zinachelewa sana."

Lamria akamwambia kwamba amekumbuka dawa ya kifua, akashuka, akaingia dukani, akanunua chupa ambayo hakuna mtu aliyekuwa na haja nayo. Aliporudi akamwambia baba twende, taa imewaka. Wakaenda.

Wiki iliyofuata akampeleka kwa daktari wa macho, akimdanganya kwamba ni miwani tu. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa soda. Baba akamwapisha asiniambie. Lamria akaapa. Akaficha funguo, kumbe baba alikuwa na nyingine. Akaharibu betri, baba akanunua mpya. Kilichobaki ni mchanga.

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Ungefanya nini?"

"Ningezungumza naye."

"Lini?"

Nikafungua mdomo.

"Ungesema Jumapili," alisema Lamria. "Jumapili ungesema mvua inanyesha. Baba Nauli, mimi nakupenda, lakini wewe ukimwona baba yako unakuwa na umri wa Nauli."

Akachukua kisu, akaendelea na samaki wake. Mimi nikatoka kwenda kusimama uani, mbele ya turubai, kama mtu aliyekwenda kutazama maiti. Nilitaka kukasirika na sikuweza. Nilikuwa nikiona bango jekundu tu, na baba yangu chini yake, ametulia, anafuata sheria.

Basi, uamuzi ulikuwa umeshajiamua. Nikampigia Liong simu, nikamwambia injini sitaki, aje Alhamisi asubuhi alichukue gari lote, alifumue, auze vipuri. Tunabaki na la doriani. Liong akaniambia nimefanya uamuzi wa kwanza wa busara tangu anifahamu, kisha akasema hata hivyo lile jeupe nalo ni takataka.

Kilichobaki ni kumwambia baba.

Jumatano asubuhi niliingia kwenye gari la kijani, nikakaa kiti cha abiria. Baba alikuwa mbele ya usukani na kahawa yake. Nikasema kahawa ya mwaka huu ni chungu. Nikasema mawingu yamekaa vibaya. Nikamweleza na habari za mashine mpya ya kopi, ambayo ina tatizo la kumeza karatasi.

"Kama umekuja kuniambia kwamba hulitengenezi," alisema baba, "sema, kahawa inapoa."

Nikasema injini haifai.

"Mchanga," alisema.

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta wa jirani, kama dereva aliye safarini.

Akaniambia kwamba siku ile alikuwa kiti cha nyuma, amejilaza, usingizi umempitia kwa joto. Akasikia boneti inafunguliwa. Akajua ni Lamria kwa ndala zake. Akasikia kitu kinamiminwa, na akamsikia mkwe wake analia kwa sauti ya chini huku akimimina. Hakuinuka. Hakukohoa hata kidogo.

"Na hukumzuia?"

"Nilikuwa naomba Mungu alichukue hili gari, maana mimi sikuweza kuliacha," alisema. "Nilidhani atatuma radi. Akamtuma mkeo."

"Sasa kwa nini umenisumbua muda wote huu nilitengeneze, baba?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba nimeshindwa?" Akanywa kahawa. "Mwite Liong alichukue. Na mkeo usimwambie kwamba najua. Ataona haya kunipikia."

Nikasema Liong anakuja kesho. Akatikisa kichwa kukubali, akalipapasa usukani mara moja, na nilidhani tumemaliza. Nilijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimezungumza na baba yangu jambo la maana na jua lilikuwa bado linawaka. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango.

"Kesho ni Alhamisi," alisema. "Utanipeleka Parapat."

"Kufanya nini Parapat?"

"Ninakokwendaga kila Alhamisi, gari likiwa zima."

Mimi miaka hii yote nilijua kwamba kila Alhamisi baba anakwenda kwenye sala ya wazee, nyuma ya kanisa letu, mahali ambapo unafika kabla redio haijapata moto. Parapat ni kule ziwani. Njia nzima ni milima, kona juu ya kona, malori yanayoshusha mbao, na upande mmoja ni bonde. Na yeye anachungulia kwenye mrija wa soda. Nikafungua mlango, nikashuka bila kuuliza swali lingine lolote, kama Lamria alivyotabiri.

Alhamisi Liong alifika na kamba yake mapema. Baba hakutoka kulitazama gari linavyoondoka. Alikuwa chumbani anajipaka mafuta ya nywele. Alitoka na shati jeupe lililopigwa pasi, akaingia kwenye gari la doriani, akaweka leso puani, akasema twende.

Aliniongoza njia nzima. Alijua kila kona kabla sijaiona. Sasa punguza. Sasa shika kulia, kuna shimo. Sasa subiri, kuna nyani. Na kweli, nyani walikuwa wamekaa barabarani, na waliponusa gari letu wakasimama wote kwa heshima.

Chini kabisa, karibu na maji, akaniambia nisimame mbele ya nyumba yenye mlango wa bluu na vyungu vya maua. Akahamia kiti cha nyuma. Hilo lilinishangaza. Akaniambia nipige honi mara moja na nisishuke.

Akatoka mama mmoja wa miaka kama sitini na kitu, mnene wa kupendeza, ana kofia, ana pochi, amepaka rangi ya mdomo. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa karibu na baba kuliko nafasi ilivyohitaji. Kisha akanusa.

"Sahala," alisema, "kuna kitu kimekufa humu?"

Sahala. Jina tupu. Tangu mama afariki sijawahi kumsikia mtu yeyote, hata mchungaji, akimwita baba yangu jina tupu. Nilisubiri paa la gari lidondoke.

"Ni doriani," alisema baba kwa upole. "Ni gari la muda tu."

"Na la kijani liko wapi? Ulisema tutaingia nalo kanisani."

"Linapakwa rangi."

Saa ile Liong alikuwa analing'oa milango. Nikashika usukani kwa nguvu.

Yule mama akaniona kwenye kioo. Ana macho makali, yanayoona kila kitu. Akauliza, "Na huyu ni nani?"

Nilimtazama baba kwenye kioo hicho hicho. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, kama kuna kitu anakiona.

"Dereva," alisema baba.

"Ah. Habari za kazi, kijana?"

"Nzuri, mama," nikajibu.

Akamgeukia baba, akashusha sauti, lakini si sana, kwa sababu mbele ya dereva watu hawashushi sana.

"Mwanao umeshamwambia?"

"Bado. Natafuta siku nzuri."

"Siku gani tena, Sahala? Mchungaji ameshatangaza mara mbili. Harusi ni keshokutwa."

Baba akakohoa. Nikajua kwamba ni zamu yangu sasa, kwamba mwanamume mwenye umri wangu angezima gari, angegeuka na kusema jina lake.

Nikatia gia.

"Tunaelekea wapi, bosi?" nikauliza.